Tanga, Novemba 1914: Lawama ya Jemadari na Lawama ya Waziri

(Haya ni maneno ya mhadhara nilioutoa mjini Tanga. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nianze na neno moja la Kiswahili: mzinga. Mzinga ni lile gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likatundikwa mtini ili nyuki wahamie. Mzinga pia ni silaha ya kurushia makombora. Tarehe 4 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipokaa, mizinga ya aina zote mbili ilifanya kazi siku moja. Risasi zilipasua magogo ya nyuki yaliyokuwa mitini, nyuki wakatoka kwa hasira na kuwavamia askari waliokuwa wakipigana chini yake. Tangu siku hiyo kila mtoto wa Tanga anakua akijua kwamba Waingereza walifukuzwa na nyuki. Waingereza wenyewe wakati ule walisema hivyo hivyo. Wengine walifikia kudai kwamba Wajerumani ndio waliowatega nyuki wale kwa nyaya.

Nyuki waliuma kweli, na waliuma pande zote mbili. Lakini hawakuandika amri yoyote. Jioni hii nataka tuwaondolee nyuki mzigo ambao si wao, tumtafute mwenye mzigo.

Jeshi linaposhindwa, hadithi mbili hutoka haraka sana. Wanasiasa husema majemadari waliboronga. Majemadari husema waliagizwa yasiyowezekana, tena na watu waliokuwa wamekaa vitini mbali na risasi. Kwa kuwa majemadari wengi huandika kumbukumbu zao wakishastaafu, na wakuu wa nchi wengine huwa wamekwishakufa au kuanguka, mara nyingi hadithi ya pili ndiyo inayoingia vitabuni. Vita vya Tanga vinanivutia kwa sababu hadithi zote mbili zilisemwa, na kila moja ina ukweli wake. Na jambo la tatu, ambalo ndilo linaloniuma, halikusemwa na upande wowote. Nitalifikia.

Tutumie kipimo chetu wenyewe. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wazima humu ndani wanayakumbuka maneno hayo kama jana. Wengi tunayachukua kama maneno ya kuamsha ari, nayo yaliamsha ari kwelikweli. Lakini yapangeni tena polepole, mtaona yanagawa majukumu. Sababu na nia ni vya mwenye dola. Hakuna jemadari anayeweza kumtafutia rais sababu ya vita. Uwezo ni swali ambalo jibu lake la kweli hutoka kwa mwanajeshi, naye akidanganya hapo, au akinyamaza, amevunja dhamana yake. Kwa kipimo hicho turudi tarehe 2 Novemba ya mwaka mwingine, 1914.

Asubuhi ile manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia bandarini hapa. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita melini mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dokta Auracher. Akamwambia: makubaliano yetu ya Agosti yamekwisha, nakupa saa moja, usalimishe mji. Auracher akajibu kwamba lazima awaulize wakubwa wake. Akarudi nchi kavu, na wa kwanza kupelekewa simu alikuwa kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Moshi. Saa moja ikapita. Bendera nyeupe haikuonekana. Fox ikageuza, ikarudi baharini kuzifuata meli za askari zilizokuwa zikisubiri mbali, zisionekane. Halafu muda mwingine ukaenda katika kutafuta mabomu ya majini, na mabomu hayakuwepo.

Simameni hapo kidogo. Meli kumi na nne, watu wapatao 8,000 kutoka India, wakati mji mzima ulikuwa unalindwa na kombania moja tu. Na kabla mguu mmoja haujagusa mchanga, adui akaambiwa: tunakuja. Reli ya Tanga–Moshi, kama kilometa 350, ilikuwa tayari. Lettow akaanza kupakia askari kwenye mabehewa.

Ukimuuliza mtu wa kawaida kosa hili ni la nani, atasema la Caulfeild. Mwanafunzi wangu mmoja alisema hivyo darasani, kwa uchungu hasa: "Mwalimu, huyu nahodha alikuwa mjinga?" Hapana. Tufuate uzi. Mwezi Agosti manahodha wa Kiingereza walikubaliana na Wajerumani wa Dar es Salaam na Tanga kwamba miji hii isipigwe, na wao Wajerumani wasiitumie kwa vita. Wizara ya wanamaji mjini London ikayakataa makubaliano hayo, lakini suala la nani atawaarifu Wajerumani, na lini, likaachwa likining'inia. Nahodha akaona heshima ya neno lililotolewa na wanamaji inamlazimu aarifu kwanza. Jemadari wa msafara, Meja Jenerali Arthur Aitken, alilijua hilo kabla ya kufika, akalikubali. Kwa hiyo lile tangazo la saa moja lilikuwa swali la kisiasa lililosukumwa chini mpaka likamwangukia nahodha wa meli, naye akalijibu kwa namna aliyoijua.

Na si hilo peke yake lililosukumwa. Tarehe 5 Agosti 1914, siku moja tu baada ya Uingereza kuingia vitani, kamati ndogo mjini London ilikaa kupanga nini kifanyike kwa makoloni ya Wajerumani. Shabaha ya mwanzo ilikuwa ndogo na ya maana: bandari na minara ya simu za upepo, ili manowari za Kijerumani zisipate pa kupumzika wala pa kupata habari. Hiyo ni sababu inayoeleweka. Lakini kati ya Agosti na Oktoba shabaha ikavimba. Aitken alipoondoka Bombay tarehe 16 Oktoba, agizo alilobeba lilikuwa kuiteka Tanga, kupanda na reli mpaka Moshi, na mwishowe kuiweka Afrika Mashariki ya Kijerumani yote chini ya Uingereza. Nchi inayokaribia kilometa za mraba milioni moja. Kwa watu 8,000.

Nani aliivimbisha? Hapa ndipo uzi unapokatika. Mambo ya Afrika Mashariki yalikuwa ya Wizara ya Makoloni, chini ya Lewis Harcourt. Msafara uliendeshwa na Ofisi ya India, chini ya Lord Crewe. Meli zilikuwa za wizara ya wanamaji. Wizara ya Vita ya Kitchener, ambayo ndiyo ilikuwa na maofisa wa kupanga vita, haikuwa na mamlaka juu ya msafara huu. Ilikuwa imezama katika mambo ya Ufaransa. Nyumba moja, wenye nyumba wanne, na kila mmoja anadhani ufunguo uko kwa mwenzake. Hakuna aliyelala usiku akijua kwamba Tanga ikiharibika ataulizwa yeye.

Na vikosi vyenyewe? Vikosi bora vya jeshi la India vilikuwa vinapelekwa Ufaransa na Ghuba. Vilivyobaki vikakusanywa kutoka huku na huku, vingine havijawahi kufanya mazoezi pamoja, vingine vimepewa bunduki za aina mpya wakati wa kuondoka tu. Wakasafiri wiki mbili na zaidi baharini, wamebanana, wengi wakiugua bahari. Sisi wa pwani tunajua mtu anayeshuka chomboni baada ya siku tatu za upepo mbaya anavyoyumba. Hawa walitakiwa washuke usiku, wavuke mikoko, wapande ule ukingo wa Ras Kazone, wapigane.

Mpaka hapo nimewalaumu wanasiasa, na ningeweza kuishia hapo mkanipigia makofi. Lakini lile swali la uwezo lilikuwa mikononi mwa Aitken, na mikono yake si safi.

Afisa wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, aliyewajua askari wa Kijerumani alimwonya Aitken kwamba wale si watu wa kudharauliwa. Hakumsikiliza. Alipewa nafasi ya kuwatumia askari wa KAR, watu wa Afrika Mashariki wanaoijua misitu yake. Akawakataa. Alikuwa na hakika moyoni kwamba askari Mwafrika hawezi kusimama mbele ya jeshi la India, na hakika hiyo hakuagizwa na waziri yeyote; alikuja nayo mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 3 watu wake wa kwanza wakaingia bila kupeleleza, wakasukumwa nyuma na kikosi kidogo. Badala ya kujiuliza, akasubiri kila mtu ashuke, akaanza shambulio kubwa mchana wa tarehe 4, jua la Novemba likiwa utosini. Mizinga yake ya milimani hakuishusha. Ilibaki juu ya sitaha ya meli ikipiga kutoka huko, wapigaji hawaoni wanachokipiga.

Linganisheni na alichofanya Lettow usiku wa kuamkia tarehe 4. Aliteremka kwenye treni nje ya mji, akapanda baiskeli pamoja na maofisa wachache, akaingia Tanga gizani. Mitaa kimya, nyumba tupu. Akafika karibu kabisa na ufuo, akaziona meli za Waingereza zimewaka taa, akasikia kelele za kushusha vitu. Aliyaona kwa macho yake: hapa pana upenyo, pale pana reli iliyochimbwa chini inayofaa kuwa ngome, kule upande wa kushoto wa Waingereza hapana mlinzi. Mpango wa kesho yake ulitoka kwenye baiskeli ile.

Mchana wa tarehe 4, vikosi vya Kihindi vya kushoto vikavunjika na kukimbia. Wengine, hasa watu wa kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire na askari wa Kashmir, walipigana mpaka wakaingia mjini, nyumba kwa nyumba. Halafu Lettow akaachilia kombania zake upande ule usio na mlinzi, bombomu zikalia, kama wazee walivyoziita zile bunduki za rasharasha, na siku ikaisha. Tarehe 5 Aitken akawarudisha watu melini. Walioanguka upande wake, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, walizidi 800. Upande wa pili, wenye watu wapatao 1,000 tu, wafu walikuwa kama 70, wengi wao askari weusi. Ufuoni zikabaki mamia ya bunduki, bombomu, na risasi zaidi ya 500,000. Vikosi vya Lettow viliendelea kupigana kwa mali hiyo ya Tanga.

Sasa tuone lawama ilivyogawiwa. Uingereza iliuficha umma habari hizi kwa miezi. Aitken aliitwa London, Kitchener akakataa kuonana naye, akashushwa cheo kuwa kanali kwa nusu mshahara, na hakupewa tena jeshi. Harcourt na Crewe? Serikali ilipoundwa upya Mei 1915 walihamishwa wizara, wakaendelea kukaa kwenye baraza la mawaziri. Hakuna tume iliyoundwa kuichunguza Tanga.

Nasema hakuna tume kwa sababu ingewezekana iwepo. Tazameni Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Irak. Serikali ileile ya India, kwa mtindo uleule, ilipeleka jeshi Mesopotamia kwa shabaha ndogo ya kulinda mafuta ya Ghuba. Shabaha ikavimba mpaka Baghdad. Mwisho wake jeshi la Jenerali Townshend likazingirwa katika mji wa Kut, na tarehe 29 Aprili 1916 watu wapatao 13,000 wakasalimu amri kwa Waturuki. Kule bunge lilidai majibu. Tume ikakaa, ikasikiliza mashahidi, na ripoti yake ya 1917 ikagawa lawama kwa majina: zaidi ya wote kamanda wa mapigano, Jenerali Nixon, kisha serikali ya India, kisha London. Waziri wa mambo ya India, Austen Chamberlain, ambaye hakuwa mbaya kuliko wengine, alijiuzulu. Alisema, kwa ufupi, ofisi hii ni yangu. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko majemadari wengi wenye medali. Na nimejiuliza mara nyingi: kama Tanga ingechunguzwa mwanzoni mwa 1915, je, wale watu wa Kut wangepelekwa mbali vile bila hospitali za kutosha wala meli za mtoni? Ugonjwa ulikuwa mmoja. Tanga ilikuwa homa ya kwanza, ikafichwa.

Nilisema nitafikia jambo la tatu. Upande wa Wajerumani.

Kwa sheria ya koloni, mkuu wa mambo yote, jeshi likiwemo, alikuwa Gavana Heinrich Schnee. Lettow, aliyefika nchini Januari 1914, alikuwa chini yake. Schnee hakutaka vita hapa. Alishika ule Mkataba wa Berlin wa 1885 uliofungua njia ya nchi za bonde la Kongo, na yetu ikihesabiwa humo, kukaa nje ya vita vya Ulaya. Aliagiza kwamba Tanga isiletewe makombora kwa hali yoyote. Lettow aliipata amri hiyo. Akapigana.

Naye akashinda, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia neno. Nani angemwambia? Shujaa wa Tanga! Ushindi wa kijeshi ukageuka kuwa mamlaka ya kisiasa. Na hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vinavyomsifu Lettow kama jemadari asiyeshindwa. Katika uwanja wa mapigano, kweli, alikuwa hodari. Lakini vita si uwanja wa mapigano peke yake. Shabaha yake aliitamka: kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje huku, wasiende Ulaya. Waliokuja walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, Waafrika wa Magharibi, na askari wa KAR wa hapa hapa, ambao wengi wao wasingepelekwa Ufaransa hata hivyo. Mwisho wa vita Ujerumani ilishindwa, na koloni ikaenda. Kwa kipimo cha sababu, nia na uwezo: uwezo alikuwa nao, nia alikuwa nayo. Sababu ilikuwa ya nani? Gavana, mwenye haki ya kuisema, aliisema kwamba haipo, akapuuzwa.

Gharama tunaijua sisi. Jeshi lile halikula upepo. Lilikula mtama wa watu na ng'ombe wa watu, na jeshi lililolifukuza likala vilivyobaki. Kule Ugogo njaa iliyofuata waliipa jina, Mtunya, na waliokufa ni maelfu kwa maelfu. Waingereza nao, kwa kuwa farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, wakabebesha watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hutajwa kuwa zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria na unga usioiva. Jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, mnalitamka kila mkienda Dar es Salaam kununua nguo: Kariakoo. Wenzetu wa Nairobi wanasema Kariokor. Mimi siwezi kupita pale bila kukumbuka kwamba tunauza nyanya juu ya jina la watu waliokufa wakibeba mizigo.

Hawa hawamo katika ugomvi wa Aitken na mawaziri. Hawamo katika ugomvi wa Lettow na Schnee. Mwanasiasa na mwanajeshi wanapogombea nani alishindwa, wanagombea mlango ambao watu hawa hawakuruhusiwa hata kuusogelea. Aitken aliadhibiwa kwa kupoteza watu mia kadhaa hapa Tanga. Kwa wapagazi makumi ya maelfu, ambao chakula chao na dawa zao zilipangwa ofisini na maofisa wenye majina na mishahara, hakuna aliyeshushwa hata ngazi moja.

Ndiyo maana siridhiki na jibu la "wote walikosea". Jibu hilo ni la kumfariji kila mtu. Mimi nasema hivi, na mnipinge mkitaka. Kule ufuoni, kosa ni la Aitken: alidharau, akakataa ushauri, hakupeleleza. Lakini kumpeleka kule, na shabaha ile, na watu wale, bila mwenye kuwajibika hata mmoja, ni kosa la mawaziri wa London, na ndilo kubwa zaidi, kwa sababu hata jemadari bora kuliko Aitken angeiteka Tanga halafu akabaki na nchi nzima mbele yake na watu 8,000. Kwa upande wa pili, ni kinyume: mwanasiasa alikuwa na akili ya mambo, akakosa ubavu wa kumzuia askari wake. Jeshi linalosikiliza upuuzi wa wakubwa bila kuuliza litaangamiza askari wake. Jeshi lisilomsikiliza mkubwa yeyote litaangamiza nchi, hata likishinda kila siku.

Picha moja ya mwisho. Novemba 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Vita vimekwisha Ulaya tangu tarehe 11. Habari imewakuta porini. Tarehe 25 Lettow anasalimu amri mbele ya Jenerali Edwards, na Wajerumani wapatao 155, na askari na wapagazi wao. Gavana Schnee alikuwepo pale. Alikuwa amelifuata jeshi lile njia yote, Rufiji, Ruvuma, Msumbiji, mpaka Rhodesia, gavana asiye na mji, asiye na ofisi, akila chakula cha jeshi ambalo kwa karatasi lilikuwa lake. Aliyesimama mbele kuzungumza alikuwa jemadari.